Wengi wape uamuzi, msiwape watu: barua ya wazi kwa wenye wingi wa kura

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mlioshinda uchaguzi, tena mkashinda vizuri: wabunge wa upande wenye viti vingi, mawaziri mliotoka humo, na wakuu wa serikali mnaojua kwamba muswada wenu ukiingia bungeni asubuhi, jioni utakuwa umepita. Sitaji nchi moja, kwa kuwa jambo ninalolisemea limetokea katika mabara mengi na karne nyingi. Popote penye kura, hatimaye hupatikana mshindi anayeudhika kuambiwa kwamba bado kuna kitu hawezi kukifanya.

Mkiambiwa hivyo, jibu lenu huwa ni lile la wahenga: wengi wape. Mahakama ikitengua sheria mliyoipitisha, wengi wape. Watu wa imani ndogo wakiomba watoto wao wasilazimishwe kula kiapo shuleni, wengi wape. Wakazi wa msitu wakihoji kwa nini wanahamishwa bila kushauriwa, wengi wape.

Mimi naliheshimu neno hilo. Watu mia wakiwa na jambo moja la kuamua, wakajadiliana mpaka maneno yakaisha, sijaona njia yenye haki kuliko kuhesabu mikono. Kuwaachia wachache waamue ni kusema kwamba mmoja wao ana uzito wa watu kumi, na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilitufundisha vya kutosha utawala wa aina hiyo unafananaje. Siombi wachache watawale. Ninachouliza ni hiki: wengi wanapewa nini? Mimi naamini wanapewa uamuzi. Hawapewi watu.

Kodi iwe kiasi gani, barabara ipite wapi, bajeti ianze na hospitali au na reli, hayo ni maamuzi. Aliyeshindwa atanuna, ataandika makala, atajipanga upya. Bado ni raia kamili kama alivyokuwa jana. Lakini mkipiga kura kuamua kama lugha yake itasikika mahakamani, kama nyumba yake ya ibada itabaki wazi, kama yeye mwenyewe ataendelea kuhesabiwa kuwa mwananchi, hapo hamjaamua jambo pamoja naye. Mmemgeuza yeye kuwa jambo.

Nawaomba pia mtofautishe wachache wa namna mbili, maana katika hotuba zenu nawasikia mkiwachanganya. Wapo wachache wa maoni. Hawa leo wameshindwa hoja ya kodi, kesho bei zikipanda watu watawageukia, na keshokutwa wao ndio watakuwa serikali. Kwao uchaguzi ujao ni dawa halisi. Halafu wapo wachache wa kuzaliwa, au wa imani, au wa lugha, au wa hali ya mwili. Hao uchaguzi ujao utawakuta vilevile walivyo, na idadi ileile. Chukueni nchi ambayo kati ya kila watu mia, themanini wanasema lugha moja na ishirini wanasema nyingine. Lugha ikishafanywa ndiyo hoja ya kampeni, matokeo yanajulikana kabla sanduku halijafunguliwa, mwaka huu na miaka hamsini ijayo. Huo si uchaguzi tena. Ni sensa. Kumwambia mtu wa wale ishirini "subiri uchaguzi ujao" ni kumwambia asubiri azaliwe upya.

Sri Lanka ilipita njia hii, na kila nikiisoma historia yake naona jinsi hatua moja ilivyoifuata nyingine bila mtu kuvunja mlango. Ilipopata uhuru mwaka 1948, ikiitwa Ceylon, katiba yake ilikuwa na ibara ya 29 iliyolikataza bunge kutunga sheria ya kuibebesha jamii moja mzigo ambao jamii nyingine hazibebi. Wasinhala walikuwa wengi mno kuliko Watamil. Mwaka uleule wa uhuru, sheria ya uraia iliwaacha mamia ya maelfu ya Watamil wa mashamba ya chai bila uraia. Mwaka 1956, muungano wa vyama ulioshinda uchaguzi kwa ahadi ya lugha moja ukatimiza ahadi yake, na Kisinhala peke yake kikawa lugha rasmi ya nchi. Ibara ya 29 ilikuwepo, lakini haikuzuia. Katiba mpya ya 1972 ikaja bila ibara hiyo kabisa. Vita vilivyoanza 1983 vikadumu hadi 2009. Vita havina sababu moja, na pande zote mbili za vita vile zilitenda unyama ambao sitautetea. Hata hivyo narudi palepale kwa kijana wa Kitamil aliyetafuta kazi ya serikali katika miaka ya mwanzo ya 1960. Alikuwa na kura kama mwenzake wa Kisinhala. Kura hiyo haikuweza kumfanyia lolote, na yeye alilijua hilo mapema kuliko viongozi wake.

Sasa niwasimulie habari ya merikebu mbili, kwa sababu sijapata kisa kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini ucheleweshaji mnaouchukia una thamani.

Mwaka 427 kabla ya Kristo, mji wa Mytilene katika kisiwa cha Lesbos uliasi dhidi ya Athene na uasi ukazimwa. Athene ilikuwa demokrasia ya ana kwa ana: raia wanaume walikusanyika wakapiga kura wenyewe, na walichokiamua kikawa. Wakiwa na hasira, waliamua wanaume wote wazima wa Mytilene wauawe, wanawake na watoto wauzwe utumwani. Wote, walioasi na wasioasi. Merikebu ikang'oa nanga kupeleka amri. Kesho yake watu wakaamka na mioyo mizito. Wakaitisha mkutano tena, wakabishana upya, na safari hii upande wa kusamehe ukashinda kwa kura chache mno. Merikebu ya pili ikatumwa kuikimbiza ya kwanza, iliyokuwa imetangulia kwa kama mchana mmoja na usiku mmoja. Wajumbe wa Mytilene waliokuwa Athene waliwapa mabaharia divai na unga wa shayiri, wakaahidi zawadi kubwa wakiwahi. Watu wakala huku wanapiga makasia, wakalala kwa zamu. Merikebu ya kwanza ilikwenda polepole, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kupeleka habari ile. Ya pili ilipofika, kamanda alikuwa ameshaisoma amri ya kwanza na anajiandaa kuitekeleza.

Walioonekana kuwa viongozi wa uasi waliuawa hata hivyo, kwa hiyo siwapi kisa hiki kama hadithi ya huruma. Lakini mji ulipona. Wapiga kura walikuwa walewale, Athene ni ileile, na kosa la Mytilene halikuwa limepungua hata kidogo. Kilichoongezeka ni usiku mmoja kati ya hasira na utekelezaji.

Ndiyo maana nashtuka kila ninaposikia kwamba muswada unaogusa maisha ya kundi dogo umeletwa kwa hati ya dharura. Kusomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kamati kuita wadau, rasimu kuchapishwa ili watu waisome, nyumba ya pili ya bunge pale ilipo: mnaviona kama foleni inayowachelewesha kutimiza ahadi. Vyote hivyo ni ule usiku mmoja wa Athene uliowekwa kwenye sheria, ili usitegemee kama watu wataamka na mioyo mizito au la. Ubelgiji wameuweka waziwazi. Tangu 1970 katiba yao ina kile wanachokiita kengele ya hatari: robo tatu ya wabunge wa kundi moja la lugha wakitia saini kwamba muswada fulani utaharibu vibaya uhusiano kati ya jamii, muswada unasimama, na baraza la mawaziri, lenye idadi sawa ya wasemaji wa Kiholanzi na Kifaransa ukimwacha waziri mkuu, linapewa siku 30 kutafuta njia. Kengele hiyo imepigwa mara chache sana. Naona kuwepo kwake kunawafanya watu wazungumze kabla haijapigwa.

Waathene wenyewe hawakujifunza. Miaka 21 baadaye, mwaka 406, waliwashtaki majenerali wanane walioshinda vita vya baharini vya Arginusae lakini, dhoruba ikiwa imechafuka, wakashindwa kuwaokoa mabaharia wao waliozama. Sheria ilitaka kila mshtakiwa asikilizwe peke yake. Mkutano ulitaka wahukumiwe wote kwa kura moja. Raia mmoja alipopinga kwamba hoja hiyo ni kinyume cha sheria, umati ukapiga kelele kwamba ni jambo lisilovumilika wananchi kuzuiwa kufanya wanachokitaka. Waliokuwa wakisimamia kikao wakatishwa, wakanywea, isipokuwa mwanafalsafa Socrates. Majenerali sita waliokuwapo wakauawa. Baada ya muda watu wakajuta, wakawafungulia mashtaka waliowachochea, lakini sita wale walikuwa wameshazikwa.

Kelele ile ya umati wa Athene nimeisikia tena na tena katika vinywa vya viongozi wa leo, kwa maneno karibu yaleyale: nani anathubutu kuwazuia wananchi? Waheshimiwa, anayethubutu ni wananchi wenyewe, walipoandika katiba siku walipokuwa watulivu.

Najua mtakaponijibu mtaanza na majaji. Hawa nani amewachagua? Swali ni la haki na nalijibu bila kuzunguka: hakuna aliyewachagua, na kwa kazi hii ndivyo inavyotakiwa. Mtu ambaye ajira yake inategemea kura za wengi ni vigumu kumtegemea awaambie wengi wamekosea juu ya jirani wasiyempenda. Katika jimbo dogo la Appenzell Innerrhoden, Uswisi, wapiga kura hukusanyika uwanjani na kunyoosha mikono, na watu wengi husifu utaratibu huo kuwa demokrasia safi kabisa. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa mwaka 1971. Aprili 1990 wanaume wa Appenzell Innerrhoden walisimama uwanjani, wakaulizwa kwa mara nyingine kama wanawake wapige kura katika mambo ya jimbo, wakakataa. Novemba mwaka uleule Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba katiba ya nchi, iliyotambua usawa wa wanawake na wanaume tangu 1981, haikuwaachia hiari hiyo. Mikono ile uwanjani ilihesabiwa vizuri, sina shaka. Mikono ambayo haikuruhusiwa kunyooshwa ndiyo iliyohitaji mahakama.

Marekani nayo, watoto wa Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shule kwa sababu imani yao haikuwaruhusu kupigia bendera saluti. Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya nchi ikaona wilaya ya shule ina haki, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Baada ya hukumu hiyo waumini wale walishambuliwa na makundi ya watu sehemu nyingi za nchi. Miaka mitatu tu baadaye, Juni 1943, katikati ya vita vya dunia, wakati uzalendo uko juu kabisa, mahakama ileile iligeuka kwa majaji sita dhidi ya watatu na kusema kwamba hakuna ofisa anayeweza kumlazimisha raia akiri asichokiamini. Jaji Robert Jackson alieleza kwamba tamko la haki linawekwa ili mambo fulani yatolewe nje ya ushindani wa kisiasa, yasitegemee matokeo ya uchaguzi wowote. Na Afrika Kusini, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ikiwa changa kabisa ilifuta adhabu ya kifo. Jaji Arthur Chaskalson alikubali kwamba huenda wananchi wengi wanaitaka adhabu hiyo, kisha akaeleza kwamba kama maoni ya wengi yangetosha kuamua, kusingekuwa na haja ya mahakama ya katiba. Waliokuwa kizimbani pale walikuwa watu wawili waliohukumiwa kwa mauaji. Nani angewapigia kura?

Siwaambii kwamba majaji ni malaika. Mahakama ileile ya Marekani, mwaka 1944, ilikubali raia na wakazi wenye asili ya Kijapani wahamishwe makwao kwa nguvu, na kama watu 120,000 waliwekwa kambini bila kosa. Ilichukua mpaka 1988 nchi iombe radhi kwa sheria na kulipa fidia. Ninachojifunza hapo ni kwamba kizuizi kimoja hakitoshi. Mahakama ikilegea, pawe na bunge. Bunge likilegea, pawe na vyombo vya habari, tume huru, na raia wanaoruhusiwa kuandamana.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Vizuizi hivi mara nyingi havifi kwa mapinduzi ya kijeshi. Hufa kwa kuhesabu. Hufa bungeni, mchana, Spika akiwa amevaa joho, anauliza wanaoafiki waseme ndiyo.

Sheria iliyounda Muungano wa Afrika Kusini mwaka 1909 ililinda haki ya kupiga kura ya watu wasio weupe katika jimbo la Cape. Kuiondoa kulihitaji theluthi mbili ya nyumba zote mbili za bunge zikikaa pamoja. Mwaka 1936 theluthi hizo zilipatikana, na Waafrika weusi wa Cape wakatolewa kwenye daftari la pamoja la wapiga kura. Nataka mlione hilo kwanza: kiwango kikubwa cha kura peke yake hakimlindi mtu ambaye karibu kila mwenye kura anamtaka atoke. Wakabaki watu wa asili mchanganyiko. Chama cha National kilishinda uchaguzi wa 1948, na mwaka 1951 kikapitisha sheria ya kuwaondoa hao nao, kwa wingi wa kawaida tu. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 1952. Serikali ikajibu kwa kupitisha sheria iliyolifanya bunge lenyewe kuwa mahakama juu ya mahakama. Majaji wakaitengua hiyo pia. Basi mwaka 1955 serikali ikaongeza majaji wa kusikiliza kesi kama hizo mpaka 11, na ikaipanua Seneti kutoka viti 48 hadi 89, viti vipya vikijazwa na watu wake. Theluthi mbili zikapatikana. Mwaka 1956 wapiga kura wale wakaondolewa, na shauri lilipofika tena kwa majaji, jaji mmoja tu, Oliver Schreiner, ndiye aliyekataa kuuita ujanja ule sheria.

Hakuna risasi iliyopigwa bungeni. Kila hatua ilikuwa na namba ya sheria na tarehe ya gazeti la serikali. Vilevile Ujerumani: sheria ya Machi 23, 1933 iliyomkabidhi Hitler uwezo wa kutunga sheria bila bunge ilipita bungeni kwa kura 444 dhidi ya 94, wabunge wa Kikomunisti wakiwa wamekamatwa au wamejificha, askari wa chama cha Hitler wakiwa wamejazana ukumbini. Wajerumani walipoandika katiba yao mwaka 1949 walianza na utu wa binadamu katika ibara ya kwanza, kisha wakaandika katika ibara ya 79 kwamba msingi huo hauwezi kubadilishwa kwa kura yoyote, iwe kubwa namna gani. Watu waliokwisha kuona bunge likijichinja waliona busara kuficha kisu.

Kwa hiyo mkiniambia kwamba mnaongeza idadi ya majaji kwa sababu kazi imezidi, na tangazo hilo likaja wiki chache baada ya hukumu iliyowakera, mniwie radhi, siwezi kuliamini.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipita, kwani ni ya kweli. Vizuizi hutumika vibaya pia. Katika Seneti ya Marekani, utaratibu wa kuzungumza bila kikomo ili muswada usipigiwe kura ulitumiwa kwa miongo mingi na maseneta wa kusini kuzuia sheria za kuwalinda raia weusi. Mwaka 1964 walishikilia mjadala kwa kama siku 60 za kazi, mpaka ukavunjwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Hapo wachache walikuwa wale maseneta, na kizuizi kilikuwa chao. Nimeliwaza sana jambo hili, na kipimo nilichobaki nacho ni chepesi. Nauliza: anayejificha nyuma ya kizuizi hiki, anajikinga asiumizwe, au anajikinga ili aendelee kuumiza? Mtoto aliyekataa saluti hakumnyima mtu chochote. Seneta aliyezungumza usiku kucha alikuwa akimnyima mwingine kura, shule na kiti cha basi. Kizuizi cha kwanza kitetewe hata kama kinakera. Cha pili kifumuliwe. Wenye mali na nafasi wakiita starehe zao "haki za wachache", msikubali, na mimi nitakuwa upande wenu.

Ombi langu la kwanza kwenu ni hukumu zitekelezwe. Linaonekana dogo, ndilo kubwa kuliko yote. Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya waliandikiwa notisi ya kuhama mwaka 2009. Wao si wapiga kura wengi kiasi cha kumtisha mgombea. Kesi yao ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na Mei 26, 2017 mahakama ikaona haki zao zimevunjwa, zikiwemo haki za ardhi, dini na utamaduni. Juni 2022 ikaamuru fidia na kurejeshewa ardhi ya mababu. Novemba 2023 familia za Waogiek ziliondolewa tena katika sehemu ya msitu huohuo, nyumba zikabomolewa. Mtu aliyeshinda kesi akaona nyumba yake inaanguka, mnamwachia njia gani nyingine ya amani?

La pili, msiguse idadi ya majaji, muda wao wa kazi, wala mishahara yao katika kipindi kilekile mnachogombana nao. Kama marekebisho ni ya lazima, yapitisheni yaanze kutumika baada ya uchaguzi ujao, mkiwa hamjui nani atayafaidi. Uenyekiti wa kamati ya hesabu za serikali uacheni kwa upinzani, kama mabunge mengi yanavyofanya. Hilo halihitaji maelezo.

Na muswada wowote unaogusa kundi dogo lenye jina, hati ya dharura iwekeni kando. Pelekeni rasimu kwa watu hao, kwa lugha yao, mahali wanapoishi. Msiwaite watu watatu hotelini mkawapiga picha mkasema jamii imeshirikishwa. Mkishasikia, andikeni katika taarifa ya kamati walichokisema kwa maneno yao, hata kama mtakikataa, ili kila mbunge atakayesema ndiyo awe amekisoma.

Watetezi wa wachache hupenda kuwatisha viongozi kwamba kesho nanyi mtakuwa wachache. Mimi sitawatisha hivyo. Kwa chama huenda ikawa kweli. Kwa jamii, wengi wenu hamtakuwa wachache kamwe, wala watoto wenu. Mtaishi na kuzikwa mkiwa upande wenye namba. Sitaki basi mlinde watu hawa kama anayekata bima. Nataka mwalinde kwa sababu kiapo mlichokula hakikutaja waliowapigia kura peke yao. Mliapa kuilinda katiba, na wale waliokuwa wameshindwa uchaguzi walikaa wakawasikiliza mkiapa, wakakubali matokeo, wakarudi makwao bila kurusha jiwe. Walikubali kushindwa kwa sababu waliamini kuna vitu havikuwa kwenye karatasi ya kura.

Kikao chenu kijacho kitakuwa na orodha ya miswada. Katika orodha hiyo hakika upo mmoja unaowahusu watu ambao hakuna hata mmoja wao aliye ndani ya ukumbi. Naomba, kabla Spika hajauliza wanaoafiki ni wangapi, mbunge mmoja wa upande wenu, wa upande wenye wingi, asimame aulize watu hao wamesema nini, na asikae mpaka ajibiwe.

Wenu katika utumishi wa umma,
Mpiga kura